Sakafu ya mninga niliyopiga mwenyewe imeinuka masika: ni mbao mbichi, zege au kuta?

#1 Mkaazi wa Goba
Wakuu salaam. Naomba wenye uzoefu mnisaidie kabla sijang'oa kitu.

Nimejenga Goba, sebule ina mita 4 kwa 5. Sikutaka marumaru. Nimekulia Tabora, nyumba ya babu ilikuwa na milango na vitanda vya mninga, harufu yake naijua hata gizani. Nikanunua mninga wa inchi moja kwa nne kwenye yadi moja ya mbao, nikapeleka mashineni wakapiga randa na kuchonga ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Ubao ukatoka na upana wa sentimita 9, unene milimita 20. Eneo ni mita za mraba 20, nikaongeza asilimia 10 ya vipande vinavyopotea kwenye kukata, jumla 22.

Zege la chini lilimwagwa Agosti. Desemba nikalaza mbao sebuleni siku 10 zizoee nyumba, kisha tukaanza kubandika kwa gundi ya sakafu, ile ya kutandaza kwa mwiko wa meno, moja kwa moja juu ya zege. Wikendi nne, mimi na mdogo wangu. Msasa namba 40, 80, kisha 120, na vanishi mikono mitatu. Januari nikafunga kiyoyozi. Hadi Machi kila mgeni alikuwa anavua viatu bila kuambiwa.

Pasaka tukaenda Tabora wiki tatu, nyumba imefungwa, mvua inanyesha Dar kila siku. Kurudi, katikati ya sebule sakafu imeinuka kama sentimita 4, ukikanyaga inalia. Mlango wa jikoni hali ni nyingine: pale haijainuka, ila kila ubao kingo zake mbili zimepanda na katikati umebonyea. Ukipitisha kiganja unahisi mawimbi.

Pembeni mwa kuta niliacha nafasi ya milimita 3. Kosa liko wapi?

#2 Seremala Keko
Mbao mbichi. Siku 10 hazitoshi hata kidogo. Mninga unakauka taratibu sana, unataka miezi ukiwa umepangwa na vijiti katikati hewa ipite, tena kivulini. Siku hizi unashushwa kwenye lori leo, kesho unauzwa umeandikwa "mkavu".

#3 Mama Wawili
Pole sana kaka. Nani anapiga deki hapo nyumbani?

#4 Mtoto wa Darajani
Swali la dada hapo juu lisipite bure.

#5 Msomi wa Morogoro
Mzee wa Keko, kwa heshima zote, hapo #2 umegeuza. Mbao mbichi ikikauka inasinyaa. Angekuwa ameweka mbao mbichi, kufikia Machi angeona nyufa kati ya ubao na ubao, sarafu inaingia. Yeye sakafu imeinuka, maana yake mbao zimevimba na hazikuwa na pa kwenda. Zilikuwa kavu, kisha zikanywa maji.

Hesabu iko hivi. Mbao haikai na unyevu mmoja, inafuata hewa iliyoizunguka. Hewa ya masika Dar, nyuzi 27 na unyevu wa hewa asilimia 80, inaipeleka mbao kwenye unyevu wa karibu asilimia 16. Chumba chenye kiyoyozi, nyuzi 24 na unyevu asilimia 50, kinaishusha hadi karibu 9. Ameiendesha sebule kwa kiyoyozi tangu Januari, kisha akazima na kufunga nyumba wiki tatu za mvua.

Chukua mtiki ambao vipimo vyake vinajulikana vizuri: ukipasuliwa kwa bapa, kila alama moja ya unyevu (yaani asilimia moja) inabadilisha upana kwa karibu asilimia 0.19. Sebule ya mita 4 ikipanda alama 4 tu, mbao zote pamoja zinataka kutanuka karibu milimita 30. Mninga nao ni katika mbao tulivu kabisa, lakini hata ukiupunguzia nusu, ni milimita 15. Yeye ameacha 3 huku na 3 kule. Sakafu ikaenda juu kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi.

#6 Seremala Keko
Msomi, kuhusu kuvimba na kusinyaa sibishani nawe. Ila soma tena #1, kuna matatizo mawili. Kule jikoni kingo zimepanda. Ubao mbichi ukikaushwa juu na kiyoyozi huku tumbo lake bado lina maji, juu unasinyaa, chini umebaki mpana, kingo zinanyanyuka. Nimeyaona hayo kwenye meza nilizotengeneza mwenyewe nilipokuwa kijana. Kwa hiyo mbao mbichi bado ipo kwenye kesi.

#7 Msomi wa Morogoro
Kwa jikoni nakubali inawezekana. Lakini dalili hiyohiyo unaipata chini pakiloa. Ubao unaangalia tofauti tu kati ya uso wake wa juu na wa chini. Mkaazi, chini ya zege uliweka nailoni?

#8 Mkaazi wa Goba
@Mama Wawili, dada anayetusaidia ndiye anapiga deki, ndoo na tambara, mara moja kwa siku. @Msomi, fundi aliyesimamia jamvi (hilo zege la chini) alisema nailoni imewekwa. Mimi siku hiyo nilikuwa kazini, sikuona.

#9 Mbeya Juu
Hapo ndipo penye jibu. "Fundi alisema". Mimi nilijenga Uyole, nilisimama mwenyewe kwenye shimo nikaona nailoni ikitandazwa, na bado vibarua waliitoboa kwa koleo wakati wanasambaza zege. Zege linavuta maji ya ardhini kama tambara linavyovuta chai. Na jamvi la sentimita 10 linataka kama miezi minne kukauka tangu limwagwe, ukihesabu mwezi mmoja kwa kila inchi. Agosti hadi Desemba umefika pembeni kabisa ya mstari, tena vuli imepita katikati.

Kipimo cha bure: kata kipande cha nailoni nusu mita kwa nusu mita, bandika kwenye zege kwa selotepu pande zote nne, acha usiku mzima hadi siku inayofuata. Ukikuta matone au zege limekuwa jeusi chini yake, usibandike ubao.

#10 Wa Ngong Road
Sasa wadau. Niko Nairobi. Nyumba nyingi za zamani huku ziko na parketi, vile vipande vidogo vya mbao vimepangwa kama msuko wa mkeka, na chini vimebandikwa na lami. Yangu nilinunua ikiwa nayo, mimi nilisugua tu msasa na kupaka vanishi upya. Haijawahi kuinuka. Nadhani ni hiyo lami inazuia maji kutoka chini, na vipande vikiwa vidogo kila kimoja kinajivimbia kivyake.

Chumba cha pili niliweka mvule mpya kutoka Kongo, kwa sababu wakati huo kukata miti kwenye misitu ya serikali Kenya kulikuwa kumepigwa marufuku, tangu 2018 mpaka 2023. Mtu asikudanganye mvule ni laini kufanyia kazi. Ndani uko na mawe! Fundi aliniitia msumeno umekwisha meno nikafikiri anataka kuniongezea bei, kumbe ni kweli.

#11 Seremala Keko
Kweli dada. Mvule unatengeneza chokaa ndani ya nyufa zake ukiwa bado umesimama, linakuwa jiwe kabisa. Na vumbi lake, kama la mninga, vaa barakoa. Mimi kifua kimenisumbua miaka.

Ila usilinganishe Nairobi na Dar. Ninyi hewa yenu kavu.

#12 Mtoto wa Darajani
Wa zege naomba mnijibu. Mimi nipo Unguja, nyumba ya Mji Mkongwe, orofa ya pili. Chini ya sakafu yangu hakuna ardhi, kuna boriti za mikandaa, mawe na chokaa, halafu chumba cha jirani. Nililaza mbao za mtiki mwaka juzi juu ya mbao za mbili kwa mbili, nikapiga misumari kwa mshazari kwenye ulimi ili isionekane. Masika ikainuka vilevile kama ya Mkaazi. Maji ya ardhini yalipanda ngazi?

#13 Mbeya Juu
Paa halivuji?

#14 Mtoto wa Darajani
Halivuji. Nimelala humo mvua zote.

#15 Binti Pangani
Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi, nitasema nilichokiona kwake.

Jahazi likipandishwa mchangani likakaa miezi, mbao zinaachana, unaona mwanga kati ya ubao na ubao. Linapokaribia kurudi majini wanalikalafati, pamba iliyoloweshwa mafuta inagongwa kwenye maungio kwa patasi na nyundo. Babu alikuwa anawagombeza vijana wasiigonge kwa nguvu sana. Alisema ukijaza mno, mbao zikinywa maji zitasukumana na kung'oa misumari kwenye mataruma, zile mbavu za chombo. Jahazi likiingia majini linavuja siku mbili tatu, kisha mbao zinavimba na kuziba zenyewe.

Kwa hiyo nikisoma milimita 3 nimeshtuka. Mbao inavimba kwa nguvu ambayo msumari wa inchi sita hauizuii, seuze gundi. Hayo maji yametoka chini au hewani mimi sijui, ila pa kuvimbia hapakuwepo.

#16 Wa Ngong Road
Hii ya jahazi nimeipenda. Asante Binti.

#17 Mzee wa Hati
Nje kidogo ya mada lakini ni muhimu. Mlionunua mninga, mlidai risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu? Ubao halali unakuwa umegongwa nyundo ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Ukiuziwa mzigo wa njia za panya ukakamatwa nao barabarani, unapotea wewe, si muuzaji. Halafu mzigo wa panya ndio unaopasuliwa usiku na kuuzwa asubuhi, ukavu utatoka wapi?

#18 Seremala Keko
Mzee umenisaidia hoja yangu.

Na jambo lingine Mkaazi, una uhakika ni mninga? Kuna mkurungu unauzwa kwa jina hilohilo, ni ndugu yake, mwekundu zaidi na mzito. Weka picha ya kipande kilichobaki.

#19 Mkaazi wa Goba
[picha] Hiki hapa, kahawia yenye michirizi ya dhahabu. Upande mmoja una ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo.

#20 Seremala Keko
Huo ni mninga, tena mzuri. Ila hiyo nyeupe ungeikata yote. Bungua wanaipenda, utaanza kuona unga mwembamba kama poda sakafuni. Ile kahawia hawaiwezi, hata mchwa anaihangaikia.

#21 Baridi Minnesota
Wakuu, nipo Marekani mwaka wa kumi, nimepiga sakafu ya mwaloni vyumba vitatu kwa mikono yangu. Huku nyumba ni za mbao, chini ya sakafu kuna plaiwudi juu ya nguzo za kulala. Unatandaza karatasi maalumu, unalaza mbao kukatisha zile nguzo, unapiga misumari kwa bunduki ya upepo inayogongwa na nyundo ya mpira. Kazi inakwenda haraka mno, chumba kimoja siku mbili.

Lakini kitu kilichonifungua macho ni kipima unyevu, kile chenye sindano mbili. Mwongozo wa chama chao cha sakafu za mbao, NWFA, unasema hivi: mbao nyembamba chini ya inchi 3 zisizidiane na plaiwudi ya chini kwa zaidi ya alama 4 za unyevu, na zenye inchi 3 na kuendelea zisizidiane kwa zaidi ya 2. Hawahesabu siku. Habari ya "siku 10" au "wiki mbili" haina maana kama hujapima, unaweza kuzilaza mwezi mzima kwenye nyumba yenye rangi mbichi zikazidi kulowa.

Kwetu mambo ni kinyume cha Dar. Baridi ikianza, majiko ya kupashia nyumba yanakausha hewa, Januari nyufa zinafunguka. Julai zinajifunga. Mara ya kwanza nilitaka kuziba kwa gundi na unga wa mbao, mzee jirani akanikataza, akasema kiangazi zitasukumana. Nikamsikiliza, na kweli zilijifunga.

Mkaazi, tafuta hicho kifaa, hata cha kuazima.

#22 Mama Wawili
Jamani mnapima hewa ya Tabora na ya Minnesota, na ndoo ya deki imesimama pale mlangoni mwa jikoni kila asubuhi. Mimi nilikuwa na sakafu ya lamineti, si mbao halisi, ikafumuka kingo mwaka mmoja kwa deki tu. Tambara likamuliwe mpaka liwe karibu kavu. Maji yanaingia kwenye maungio, vanishi haizibi maungio.

#23 Mbeya Juu
Dada, deki inaloweka juu. Juu pakivimba, ubao unatuna katikati, kingo zinashuka. Yake ni kinyume.

#24 Mama Wawili
Maji ya deki yakipita kwenye ufa yanakaa wapi? Chini. Na chini hakuna jua.

#25 Mbeya Juu
Hapo umenifunga, nakubali inawezekana.

#26 Kijana wa Mafinga
Habari wakuu. Kwani kwa nini asingeweka paini ya Sao Hill? Ni rahisi na imenyooka.

#27 Seremala Keko
Paini si mbao ngumu mdogo wangu. Kisigino cha kiatu cha harusi kikipita mara moja umebaki na vishimo. Nzuri kwa kenchi za paa.

#28 Mkaazi wa Goba
Nimerudi. Nimeazima kipima unyevu, hiki cha sindano. Majibu:

Katikati palipoinuka, uso wa juu 13, upande wa chini 14 (nimeingiza sindano ndefu kwenye kiungo). Zege la pale nimebandika nailoni kupitia sehemu niliyoitoa ubao mmoja, masaa 24, kavu kabisa. Mlango wa jikoni, juu 14, chini 22. Vipande vilivyobaki, nilivyovihifadhi stoo isiyo na kiyoyozi, 15.

Karibuni.

#29 Msomi wa Morogoro
Vya stoo 15, na vimekaa na hewa ya kawaida ya Dar. Katikati 13 hadi 14, na ameshawasha kiyoyozi tena tangu arudi. Wakati nyumba imefungwa bila shaka ilipita hapo. Zege kavu. Kwa katikati, ni hewa na nafasi ndogo ya ukutani. Naona imekwisha.

#30 Mbeya Juu
Haijaisha. Nailoni ya masaa 24 mwezi huu, mvua imeshapungua. Angebandika Aprili tungeona. Na gundi imeachia vipi katikati? Gundi iliyoshika zege kavu haiachii kirahisi hivyo.

#31 Seremala Keko
Gundi inaachia kama zege halikusuguliwa. Vumbi la saruji linakaa juu kama unga wa chapati, unabandika ubao kwenye vumbi. Mkaazi, ulipotoa ubao, gundi ilibaki kwenye ubao au kwenye zege?

#32 Mkaazi wa Goba
Yote kwenye ubao mzee, na imebeba unga wa kijivu. Nilifagia tu, sikusugua.

#33 Seremala Keko
Basi.

#34 Msomi wa Morogoro
Hiyo inaeleza kwa nini iliachia, haielezi nani aliyeisukuma.

#35 Baridi Minnesota
Mnaweza kuwa sahihi wote wawili. Kwa sasa akate nafasi ukutani. Ng'oa skatingi (ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta), weka msumeno wa mkono wa umeme, kata milimita 12 kuzunguka kuta zote. Skatingi ya unene wa milimita 20 itafunika. Na usipige msasa sasa hivi! Hasa kule jikoni. Ukisawazisha kingo zilizopanda, ubao ukija kukauka utabaki na mgongo katikati, na hapo hakuna dawa tena.

#36 Wa Ngong Road
Vanishi gani ulitumia? Yangu moja ilipauka nikadhani imeharibika.

#37 Seremala Keko
Ulipaka jioni au siku ya mvua. Paka jua likishapanda, unyevu ukiwa chini.

#38 Mkaazi wa Goba
Nimekata jana na mdogo wangu, milimita 12. Tulianza ukuta wa dirisha. Tulipofika kama mita ya tatu sakafu ikashuka kwa kishindo, vumbi likatoka pembeni, jirani akaja kuuliza. Kutoka sentimita 4 imebaki kama 1. Nimeweka mifuko ya saruji juu yake.

Jikoni nimetoa mbao tatu. Chini ni nyeusi na zina ukungu mweupe. Nailoni pale, masaa 24, matone yamejaa.

#39 Mbeya Juu
Zege! Nilisema.

#40 Mtoto wa Darajani
Zege la jikoni tu? Maji ya ardhini yanachagua mlango?

#41 Mama Wawili
Deki.

#42 Seremala Keko
Sinki liko upande gani wa ukuta huo?

#43 Mkaazi wa Goba
Nyuma yake kabisa. Ila nimefunga mabomba yote usiku nikaangalia mita ya maji. Asubuhi namba ni ileile, haivuji.

#44 Seremala Keko
Hapo umepima bomba la kuingizia. La maji machafu halipiti kwenye mita. Linapita chini ya jamvi, na likipasuka linavuja pale tu mnapoosha vyombo.

#45 Mama Wawili
Na mnaosha vyombo saa ileile deki inapopigwa. Mwambie dada asimamishe deki wiki mbili, vyombo muoshee nje wiki mbili zinazofuata. Mtajua.

#46 Msomi wa Morogoro
Au mimina sinkini maji yenye rangi ya chakula, ndoo mbili, na uangalie pale ulipotoa mbao.

#47 Mkaazi wa Goba
Nimemimina saa hizi, nyekundu. Nimekaa hapa na tochi. Bado hakuna kitu, nitarudi asubuhi.